Mkimbizi na Mkimbiaji: Mbio za Watu wa Maeneo Yetu



Safari hii komite imetuomba tuandike historia, siyo hesabu za mfuko peke yake. Sababu inajulikana. Katika mkutano mkuu ujao tutapiga kura juu ya jambo moja ambalo limetugawanya: je, fungu dogo la mfuko wa chama litumike kusawazisha kiwanja cha mbio cha watoto hapa Kalima, na kuwalipia safari wale watakaochaguliwa kwenda kushindana Kindu? Wanaokataa wako na hoja nzito. Mfuko huu ulianzishwa juu ya misiba, magonjwa, mbegu na mabati. Wafadhili nao wana haki ya kuuliza franka zao zinaenda wapi. Na mama mmoja alisema neno ambalo kwanza lilituchekesha, halafu likatunyamazisha wote: "Kukimbia, tulishakimbia ya kutosha."

Neno hilo linastahili jibu la heshima. Ndiyo maana tunaandika.

Katika Kiswahili chetu, mkimbizi na mkimbiaji ni watoto wa mama mmoja. Wote wawili wanatoka kwenye kukimbia. Mkimbizi anakimbia kitu: bunduki, moto, njaa. Mkimbiaji anakimbilia kitu: mstari uliochorwa chini, ambao anauona kwa macho yake. Sisi tuliorudi tunaijua sana mbio ya kwanza. Tuliikimbia vita ilipofika Maniema mwanzo wa 1997, na tena baada ya Agosti 1998, wengine wakiingia porini na watoto mgongoni, wengine wakitafuta njia ya Kindu, ya Kisangani, ya Bukavu, hata kuvuka ziwa mpaka kambi za Tanzania. Lakini katika maeneo yetu kuko watu waliobeba majina yote mawili, mkimbizi na mkimbiaji, na wengine walioishi karibu sana nao. Tusome maisha yao, halafu kila mmoja apige kura yake.

Bingwa aliyeingia kambini

John Akii-Bua alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini ya Uganda. Kazi yake ilikuwa polisi. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimwelekeza kwenye mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Kwa wasiozijua: ni mzunguko mmoja mzima wa kiwanja, kwa mbio kali, na njiani unaruka viunzi 10. Ukikosea hatua kwenye kiunzi kimoja, unalipia kwenye vyote vinavyofuata.

Katika fainali ya Olimpiki ya Munich, Ujerumani, mwezi wa Septemba 1972, Akii-Bua alipangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa, ambayo kona zake ni kali kuliko zote. Wengi waliona hiyo ni bahati mbaya. Alimaliza wa kwanza kwa sekunde 47.82. Kabla ya siku ile hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Nyuma yake walikuja Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, bingwa wa 1968 ambaye rekodi yake ilikuwa imevunjwa mbele ya macho yake. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu ya Uganda katika Olimpiki.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Mwaka 1976 hakuweza kutetea taji lake huko Montreal, kwa sababu nchi zaidi ya 20 za Afrika, na Uganda ndani yake, zilisusia michezo ile juu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Nyumbani utawala wa Idi Amin ulikuwa unaua watu, na Walango na Waacholi wengi waliangamia. Mwaka 1979, Amin alipoanguka, Akii-Bua alivuka mpaka na jamaa yake mpaka Kenya, akaingia kambi ya wakimbizi. Mtu ambaye dunia nzima ilimpigia makofi Munich! Medali ya dhahabu haikumkinga na kambi.

Aliyemtoa pale ni nani? Ni watu waliomjua kwa mbio zake. Kampuni ya viatu ya Puma, ya Ujerumani, ilimpokea na kumpa kazi. Angeweza kukaa huko Ulaya mpaka uzee. Alirudi Uganda katika miaka ya 1980, akafundisha vijana kukimbia. Alikufa mwaka 1997, akiwa na miaka 47, na serikali ikamzika kwa heshima ya taifa. Uganda ilingoja miaka 40 kutoka Munich ili kupata dhahabu nyingine ya Olimpiki: ni Stephen Kiprotich aliyeileta, kwenye maratoni ya London, 2012.

Nafasi iliyoachiwa mwingine

Twende sasa Burundi, jirani yetu ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Dieudonné Kwizera alikuwa mkimbiaji hodari wa miaka ya 1980. Lakini nchi yake haikuwa na komite ya Olimpiki inayotambuliwa, na bila komite hakuna mtu anayeingia. Michezo ya Seoul 1988 ikampita. Barcelona 1992 ikampita. Wakati wa nguvu zake zote ulipita hivyo, juu ya karatasi ambayo haikuandikwa. Komite ilipotambuliwa mwaka 1993, yeye alikuwa ameshakuwa mtu wa kufundisha wengine.

Mwaka 1996 Burundi ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Atlanta. Tumaini kubwa lilikuwa Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Makamba, ambaye mwaka mmoja mbele alikuwa amepata medali ya shaba ya dunia katika mita 1500. Mita 1500 ndizo zilikuwa mbio zake. Niyongabo aliacha nafasi yake katika mbio hizo ili Kwizera apate, angalau mara moja, kukimbia kwenye Olimpiki. Yeye akaenda kujaribu mita 5000, mbio ambazo hakuwa amezizoea.

Kumbukeni mwaka ule. Burundi ilikuwa kwenye vita tangu 1993. Tarehe 25 Julai 1996, michezo ikiwa katikati, serikali ilipinduliwa Bujumbura. Tarehe 3 Agosti, Niyongabo alishinda mita 5000 kwa dakika 13:07.96, mbele ya Paul Bitok wa Kenya na Khalid Boulami wa Morocco. Olimpiki ya kwanza, na dhahabu ya kwanza. Kwizera hakufika fainali ya mita 1500, lakini jina lake limeandikwa kati ya walioshindana, na hakuna mtu anayeweza kulifuta tena.

Sisi tunaocheza likelemba tunalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mtu anaacha zamu yake leo ili mwenzake aliyekosa miaka mingi apokee. Niyongabo hakupewa ahadi ya kulipwa. Alitoa kile alichokuwa nacho na uhakika, akachukua kile asichokijua.

Rekodi iliyovaa rangi za Kongo

Watu wanapenda kusema kwamba Wakongo ni watu wa mpira na muziki, siyo wa mbio. Ni kweli kwamba mpaka michezo ya Paris ya 2024 nchi yetu haijapata medali ya Olimpiki hata moja, katika mchezo wowote. Lakini kuko jina ambalo vijana wetu wanapaswa kulijua: Gary Kikaya.

Alizaliwa Kinshasa mwaka 1980. Jamaa yake iliondoka nchini, akakulia Afrika Kusini, halafu akasoma Marekani, kwenye chuo kikuu cha Tennessee. Aliendelea kukimbia kwa jina la Kongo. Mwaka 2004, huko Budapest, alipata medali ya shaba ya mita 400 kwenye mashindano ya dunia ya ndani ya ukumbi. Septemba 2006, huko Stuttgart, alikimbia mita 400 kwa sekunde 44.10, akiwa nyuma ya Jeremy Wariner wa Marekani peke yake. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya Afrika nzima. Ile ya zamani, ya Innocent Egbunike wa Nigeria, ilikuwa imekaa tangu 1987. Rekodi ya Kikaya ilidumu mpaka 2014, ilipovunjwa na Isaac Makwala wa Botswana.

Mwaka 2006 ni mwaka ule ule ambao sisi tulipanga mstari kupiga kura, wengi kwa mara ya kwanza katika maisha. Siku zile redio zetu zilijaa siasa. Mkongo mmoja akawa mwenye mbio kuliko Waafrika wote katika mzunguko mmoja wa kiwanja, na hapa Kalima ni wangapi waliosikia? Jina la mtu linaweza kupotea hata kama ameshinda, wasipokuwako watu wa kulihifadhi.

Kundi la Kakuma

Tegla Loroupe ni mwanamke wa Wapokot, magharibi ya Kenya. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda maratoni ya New York. Mwaka 1998 huko Rotterdam aliweka rekodi ya dunia ya saa 2:20:47, na mwaka uliofuata huko Berlin akaipunguza mpaka 2:20:43. Kwao kulikuwa na vita vya kuibiana ng'ombe kati ya Wapokot, Waturkana na Wakaramojong. Mwaka 2003 alianzisha shirika la amani, akaandaa mbio ambazo vijana wa pande hizo walikimbia pamoja badala ya kuviziana.

Halafu akafika kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya. Kambi hiyo wamo Wakongo pia, na baadhi yetu tuko na ndugu huko mpaka leo. Wakafanya mchujo, vijana wengine wakikimbia bila viatu vya mbio. Waliochaguliwa wakapelekwa Ngong, karibu na Nairobi, kufanya mazoezi. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio de Janeiro, kwa mara ya kwanza katika historia, iliingia timu ya wakimbizi: watu 10. Watano walikuwa wakimbiaji wa Sudan Kusini kutoka kundi la Loroupe, na mmoja wao, Rose Nathike Lokonyen, ndiye aliyebeba bendera. Wawili walikuwa watu wa Bukavu, Yolande Mabika na Popole Misenga, wa judo, ambao vita iliwatenga na wazazi wakiwa wadogo. Popole alishinda pambano lake la kwanza.

Katika wale watano wa Kakuma hakuna aliyevuka mchujo. Mtu wa haraka atasema: basi, gharama yote ile ilikuwa ya bure. Lakini tazameni mmoja wao, Yiech Pur Biel, aliyekimbia mita 800 akatoka katika hatua ya kwanza. Mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe wa Komite ya Kimataifa ya Olimpiki. Leo anakaa kwenye meza ambako mambo ya michezo ya dunia nzima yanaamuliwa, na anaongea kama mtu aliyeishi kambini miaka 10. Ndiyo wazee walisema: kutangulia si kufika.

Aliyerudi Kirotshe

Tumemweka wa mwisho yule ambaye maisha yake yanafanana na yetu zaidi. Makorobondo Salukombo ni mwana wa Kirotshe, kando ya Ziwa Kivu, katika Kivu ya Kaskazini. Vita vilimtoa akiwa mtoto. Alipitia ukimbizi Uganda, akafika Marekani, jimbo la Ohio, na huko shuleni wakaona miguu yake. Alikimbia kwa chuo kikuu cha Denison mpaka akamaliza masomo.

Mtu kama huyu, nyumbani kwetu, tungemwambia: kaa huko, utume franka. Yeye alirudi Kirotshe. Akakusanya vijana, wavulana na wasichana, akawafundisha kukimbia katika barabara zile zile ambazo watu walipita wakikimbia vita. Mwaka 2016 Kongo ilikuwa na wakimbiaji Rio, na wawili walikuwa na mkono wa Kirotshe: Salukombo mwenyewe kwenye maratoni, na Beatrice Kamuchanga, msichana wa kundi lake, kwenye mita 5000. Kamuchanga hakufika fainali. Lakini fikirini umbali aliokwisha kwenda, tangu njia ya kijiji kando ya ziwa mpaka kwenye mstari wa kuanzia wa Olimpiki, na pembeni yake wasichana wa nchi ambazo kila shule iko na kiwanja.

Mtaona kwamba hatukuandika juu ya miguu peke yake. Nyuma ya kila jina kuko mtu au kundi lililofanya kazi isiyopewa medali. Arnold alimwonyesha Akii-Bua mbio zinazomfaa, na watu wa mbali wakamtoa kambini. Niyongabo alimwachia Kwizera zamu. Loroupe aliingia Kakuma. Salukombo alirudi. Kipaji kilikuwako mbele ya wote hao, na bila wao kingebaki pale pale.

Na sisi wa Kalima?

Wazee wetu wanakumbuka wakati wa kampuni. Symétain, halafu Sominki tangu 1976, ndiyo ilikuwa baba wa kila mtu hapa: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, kazi ya kasiterite. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, baba huyo akaanza kuugua. Vita ilipofika, akafa kabisa. Tangu hapo tumezoea kungoja baba mwingine: serikali, kampuni mpya, mradi kutoka nje. Chama hiki kilizaliwa siku tulipochoka kungoja.

Kuko jambo jingine, na tuliseme bila kulizungukia. Tuliporudi, tulikuta waliobaki. Wao walikula majani porini na kuzika watu wao bila sanduku, na walituona sisi tukishuka na vitambulisho vya wakimbizi, mablanketi na vyungu vya msaada. Mpaka leo katika kartiye zetu watoto wanaitana "wale wa kambi" na "wale wa porini". Hawakuyazua wao, wameyasikia kwetu. Mabati na mbegu, kwa haki au bila haki, yalikwenda kwa jina: huyu amerudi, huyu hakuondoka. Mstari wa mbio hauulizi. Anayefika mbele amefika, na watoto wote wameona.

Kwa hiyo komite inaleta mbele yenu mapendekezo matatu. La kwanza: kiwanja kisawazishwe kwa salongo, kila jamaa ikitoa mtu mmoja na jembe, mfuko utalipia tu chokaa ya kuchora mistari na saa mbili za kupimia. Hatuhitaji mzunguko wa mita 400 kwa kuanza. Mstari ulionyooka wa mita 100 na njia ya kuzunguka kartiye zinatosha. La pili: watoto wote wa Kalima waruhusiwe, wa waliorudi na wa waliobaki, wasichana sawasawa na wavulana, na walioshinda walipiwe njia ya Kindu, ile kilomita 100 hivi tunayoijua na matope yake. La tatu: kuwe na daftari moja, likae kwa katibu, ambamo kila mashindano yanaandikwa jina, umri na muda. Daftari ni bei ya chini kuliko vyote, na bila hilo hata kocha akija kutoka Kindu au Kinshasa hatutakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Fungu la misiba na fungu la dawa haviguswi. Wafadhili wetu watapata hesabu yake kando, franka kwa franka, ili aliyetoa kwa ajili ya mbegu ajue mbegu zake zilipandwa.

Hatuwaahidi medali. Miongoni mwa watoto watakaokimbia, huenda hakuna hata mmoja atakayeona Olimpiki. Tunachoahidi ni kwamba mtoto wa Kalima atajua mbio zake ni za sekunde ngapi, na mwaka ujao atajua kama ameongeza au amepunguza. Wengi wetu tulikimbia umbali ambao hakuna aliyeupima, usiku, bila kujua tunafika wapi. Watoto wetu tuwawekee mwanzo na mwisho.

Kura ni kwa kunyoosha mkono, mtu mmoja kura moja. Wasioweza kufika wamtume mtu na barua. Na mwenye saa ya kupimia nyumbani aje nayo.